Generosa Malogo, Aliyeacha Ofisi Akasaga Unga wa Watoto

Baba Paroko, wazee wetu wa Bihawana, shikamooni, ndugu zetu mliotoka Tukuyu kwa barabara ambayo mnaijua wenyewe ilivyo, majirani wa Nkuhungu, wafanyakazi aliofanya nao kazi, na ninyi kina mama mliomfahamu kwa uji tu, poleni nyote. Familia imempa kaka yake mkubwa, Sostenes, kazi ya kuandika na kuwasomea maisha ya dada yake, naye ni fundi magari aliyejifunza kuandika mwenyewe kwa kusoma magazeti ya kufungia vipuri, kwa hiyo hapatakuwa na maneno ya mapambo, maisha yatasomwa kama yalivyokuwa, na hivyo ndivyo marehemu alivyoomba akiwa wodini na akili zake timamu.

Generosa alizaliwa hapa hapa Bihawana tarehe 17 Agosti 1961, mtoto wa nne na wa kike pekee wa mzee Bartolomayo Malogo na mama Batuli, ambao wote wawili wametangulia. Ulikuwa mwaka wa njaa, wazee mliopo mnaukumbuka, mama alimnyonyesha huku yeye mwenyewe akishindia majani, na wanawake waliokuja kumpa mkono wa uzazi walimtazama mtoto wakasema, huyu hafiki mavuno. Akafika. Katika nyumba ile watoto walikua wakijua jambo moja kabla hawajajua kuhesabu, kwamba chakula hakimwagwi, mtama ukishikwa na ukungu unaoshwa, unaanikwa, unasagwa, karanga ikiota uchungu inakaangwa zaidi na kuongezwa chumvi, na mtoto aliyetema alichapwa. Nyumba gani hapa Ugogo haikulea hivyo?

Alisoma shule ya msingi Bihawana kuanzia Januari 1969 hadi Novemba 1975, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Msalato, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, kisha akaenda Tabora kusomea uhazili, akarudi Desemba 1981 anapiga taipu bila kutazama vidole, jambo ambalo mzee Bartolomayo aliwaonyesha wageni kama watu wengine wanavyoonyesha ng'ombe, anamwambia binti yake, hebu piga barua, piga tu yoyote, wamuone.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa na shirika moja la umma hapa Dodoma mjini kama mpiga chapa, mwaka 1988 akawa katibu muhtasi wa meneja, na shirika lilipouzwa kwa wenye mitaji, watu wengi wakapewa barua za kupunguzwa, yeye hakupunguzwa, alipandishwa, akawa ofisa mauzo wa kanda ya kati, Dodoma, Singida na Tabora. Alipewa gari na dereva, suti mbili, na chumba chenye kiyoyozi, na hapa mjini wakati ule wanawake wenye kiyoyozi chao unaweza kuwataja kwa majina. Alikuwa mkali wa kazi, hakupokea chai ya pembeni wala hakuitoa, na waliokuwa chini yake wapo hapa, wanaweza kusema kama tunasema uongo.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Julai 1986 katika Kanisa Kuu, na bwana Ulimboka Mwaisaka, mtumishi wa serikali, kijana aliyeletwa Dodoma na uhamisho akakaa kwa sababu ya Generosa. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka 1987, ya pili 1989, ya tatu iliharibika njiani baina ya Manyoni na Singida, ndani ya gari la kampuni, Septemba 1990, na Jumatatu iliyofuata alikuwa mezani pake ofisini. Watu walimsifu kwa hilo. Yeye hakulizungumza, ila dereva wake alisema kwamba tangu siku ile, kila wakifika pahali pale, alikuwa anafunga kioo cha dirisha.

Tarehe 9 Juni 1992 akajifungua mtoto wa kike, hai, mwenye sauti kubwa, wakamwita Brightness, na Nkuhungu nzima ikaanza kumwita mama yake Mama Brai. Likizo ya uzazi ilipokwisha alirudi kazini, mtoto akabaki na binti wa kazi, binti mwema tu, asilaumiwe na mtu, alimpa mtoto kile alichojua kupika, uji mweupe wa mahindi asubuhi na uji mweupe wa mahindi jioni, mama akiwa Tabora wiki nzima, baba akirudi jioni mtoto kalala. Mwezi Aprili 1994 Generosa alirudi safari, akakuta nywele za mtoto zimekuwa kama nyuzi za mkonge, miguu imevimba, amenyamaza tu, akambeba mbio hadi kliniki akiwa bado na suti ya safari, na muuguzi akaitazama kadi, akamtazama yeye, akamtazama yule binti wa kazi, akauliza mbele ya foleni nzima, "Samahanini, mama wa mtoto ni yupi kati yenu?"

Swali lile halikuwa la dharau, muuguzi alitaka kujua tu. Lakini Generosa alimwambia kaka yake jioni ile kwamba alishindwa kulijibu, na aliyejibu ni binti wa kazi, akisema, "Ni huyu dada."

Mtoto alilazwa, akapona kwa uji aliofundishwa mama yake na muuguzi yule yule, mahindi, ulezi na karanga, na hapo ndipo Generosa alipoona kwa macho yake karanga inavyoweza kumrudisha mtu. Akaomba kazini asipangiwe safari kwa mwaka mmoja. Mkubwa wake, ambaye hatutamtaja jina kwa sababu hayupo hapa kujitetea, akamjibu, "Mama Malogo, hili si shirika tena, hii ni kampuni, hapa watu wanauza, hawalei." Naye akasema, "Basi ninyi uzeni, mimi nakwenda kulea." Akaandika barua ya kuacha kazi, akaipiga taipu mwenyewe, akatoka tarehe 30 Juni 1994.

Tuseme ukweli, hakuna aliyempongeza. Wenzake ofisini walimcheka mpaka getini, mmoja akamwambia, "Shoga, umechoka kiyoyozi, unataka vumbi la pumba?" naye akajibu, "Vumbi nitanawa." Mume wake alinuna, alikuwa hatupi sahani wala hapigi meza, alinuna tu kimya kimya kama watu wa kwao wanavyojua kununa, ndugu wa Tukuyu msikasirike, mnajijua. Na hapa Bihawana ilisemwa kwamba mzee Bartolomayo alisomesha binti ili akatwange kinu. Generosa aliyasikia yote, maana aliletewa yote, wabebaji wa maneno hawakosekani, akamwambia kaka yake hivi, "Nimezika watatu ambao hata sura sikuziona, huyu nimemuona, simuachi."

Ile ndiyo ilikuwa shabaha ya maisha yake, wala tusimtafutie nyingine. Wengine watasimama leo waseme alikuwa mwanamke wa maendeleo, mjasiriamali, sawa, lakini biashara ilizaliwa kwa sababu mtoto alihitaji uji na mama alihitaji kuwa nyumbani. Alisaga wa kwake, jirani akaomba, jirani wa jirani akaomba, na kufikia mwaka 1995 kibanda cha uani kimekuwa ghala, wanawake sita wanachagua nafaka chini ya turubai, na unga unakwenda hadi Kongwa na Mpwapwa. Karanga hazisagiki peke yake, zinaganda kwenye mashine na mwenye mashine anakufukuza, kwa hiyo alizikaanga, akazichanganya na mahindi kwa kipimo chake, ndipo akasaga, mifuko ya nailoni wakiiziba kwa moto wa mshumaa na ubapa wa msumeno, na Brightness akiwa chini ya meza anaimba nyimbo za chekechea kwa sauti ile ile aliyokuja nayo duniani. Ulimboka aliacha kununa, akawa anafunga mifuko naye kila Jumapili, mpaka uhamisho ulipompeleka Singida mwezi Machi 1996, akawa anakuja mwisho wa mwezi.

Karanga alizinunua kwa mtu mmoja tu, bi Mwanne Hamidu wa Kolo, Kondoa, ambaye yupo hapa, amekaa pale nyuma peke yake, na kila mtu anajua kwa nini amekaa peke yake. Wawili hawa hawakuwahi kuandikiana mkataba wala kuweka mashahidi, Mwanne alileta gunia, Generosa alimwaga chini, wakaangalia pamoja, wakala pamoja. Mfungo wa Ramadhani ukifika Generosa hakupika mchana akiwa na mgeni wake, na Krismasi Mwanne alileta kuku. Mwaka jana mwezi Julai alileta karanga za mwaka mzima, kavu, zinalia kama kokoto, na kaka wa marehemu alizishusha kwa mabega yake mwenyewe, kwa hiyo anajua anachokisema. Wale mliosambaza kwamba gunia la Kolo lilisomewa, kwamba mama yule wa Kondoa alimuonea wivu mwenzake, mna bahati hapa ni msibani.

Kilichoyaleta maradhi ni mvua. Mvua za mwishoni mwa 1997 mnazijua, reli ilikatika, mabasi yalilala njiani, nyumba za tope zilianguka hapa Bihawana, na bati la ghala la Nkuhungu likavuja wiki kwa wiki bila jua la kuanika hata kitambaa. Januari hii alipofungua magunia, karanga zilikuwa zimeota vumbi la kijani na harufu ya chumba kilichofungwa. Barabara ya Kondoa haipitiki, karanga nyingine hakuna. Akawaita wale wanawake sita, wakachagua moja moja, na chache zilizobaki safi hazikutosha unga hata wa wiki, ndipo akawatangazia wateja kwamba hakuna unga mpaka njia ifunguke. Mteja mmoja alimwambia, "Mama Brai, wewe saga tu, ukikaanga vizuri nani atajua?" Akajibu, "Siuzii mtoto wa mtu kitu kibovu," na mteja akaondoka ameudhika.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Hakuziuza, lakini hakuzimwaga. Binti wa mama Batuli angezimwagaje? Alizitenga kwenye magunia yake, akaosha, akakaanga, akaongeza chumvi, akawa anazitwanga anatia kwenye mboga, kwenye mchicha, kwenye majani ya kunde, mwezi wote wa Januari na mwanzo wa Februari, yeye na mtoto wake, kwenye sahani moja, kwa kuwa biashara ilisimama na kitoweo kingine hakikuwapo. Unga ule safi kidogo alimalizia wateja aliokwisha kuwaahidi. Na Brightness alipokunja uso akasema, "Mama, chungu," aliambiwa ale, chakula hakitemwi, kama mama yake alivyoambiwa, na kama sisi sote tulivyoambiwa, na akala, kwa sababu alikuwa mtoto msikivu.

Tarehe 19 Februari mtoto alianza kutapika, macho yakawa ya njano kama kiini cha yai, tumbo likajaa. Mama yake alifikiri malaria, kila mtu alifikiri malaria, wakatoa dawa za malaria. Alilazwa hospitali tarehe 23, na Jumapili tarehe 1 Machi saa nne asubuhi Brightness alifariki, akiwa na umri wa miaka mitano, mikononi mwa mama ambaye naye macho yalikwisha kuwa ya njano na hakuna aliyemtazama vizuri, maana mtu aliyefiwa humtazami machoni. Alisimama kaburini siku ya Jumatatu akishikwa na watu wawili. Tarehe 4 akalazwa yeye, katika wodi iliyo jirani na ile.

Daktari Wambura ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza, walikuwa wanakula nini hawa wawili ambacho baba hakula? Kaka yake akaenda Nkuhungu, akakuta kuku waliokuwa wakitupiwa maganda na chenga wamekufa banda zima, akaleta konzi ya karanga ndani ya leso. Daktari akazifungua juu ya meza, akanusa, akasema, "Fundi, ukungu wa namna hii una sumu inayokula ini, na moto wa jikoni hauiondoi." Hakuapa, alisema hana mashine ya kupima kitu kile hapa, ila alisema kwamba kwa aliyokwisha kuyaona, hana shaka kubwa. Damu ya marehemu ilipimwa pia kwa ule ugonjwa mnaounong'ona huku mmeziba mdomo kwa kanga, haukuwapo, na hata ungekuwapo tungeusema, kwa sababu haumfanyi mtu yeyote kuwa mbwa.

Familia ilikubaliana asiambiwe. Lakini alikuwa mwanamke wa hesabu na wa maswali, alimuona kaka yake na ile leso, akauliza, "Ni karanga?" na kaka yake hakuwahi kumdanganya dada yake tangu wakiwa watoto, na siku ile hakuweza kuanza. Generosa akasema, "Aliniambia ni chungu." Uji alioletewa jioni ile aliusukuma pembeni kwa upole kabisa, akamshukuru aliyeuleta.

Ulimboka alifika kutoka Singida tarehe 8, baada ya kutembea kwa miguu sehemu ambazo gari halikupita, mtoto hakumuwahi, mke alimkuta. Generosa alimuomba radhi. Mume akamwambia hakuna cha kuomba radhi, mke wangu, ungejuaje, na aliyasema maneno hayo mchana na usiku, na tunataka mjue kwamba aliyasema kwa moyo wote, na tunataka mjue pia kwamba hayakumfikia. Kuna watu watasema alikufa na amani. Hakufa na amani. Baba Paroko alimpa sakramenti, naye aliipokea, hilo ni baina yake na Mungu, lakini sisi tuliokaa kando ya kitanda hatuwezi kusimama hapa tukawaambia kitu ambacho hatukukiona.

Siku ya Jumatano alimwita kaka yake, akasema, "Mkinizika, msiseme niliugua kwa muda mrefu. Waambie nilimlisha nini mwanangu. Wakisikia vibaya juu yangu wasikie, ila wasikie." Alhamisi tarehe 12 Machi 1998, saa kumi na moja alfajiri, Generosa Malogo alifariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Ameacha mume, kaka watatu, na hakuacha mtoto.

Familia inamshukuru daktari Wambura na wauguzi wote waliomsafisha na kumgeuza bila kuchoka, majirani wa Nkuhungu mliopika na kukesha mara mbili ndani ya majuma mawili, chama cha akina mama wa parokia, wafanyakazi wenzake wa zamani mliokuja na gari la kampuni kubeba jeneza hadi hapa, wale wanawake sita wa ghala, na ndugu wa Tukuyu kwa kukubali alale Bihawana. Tunamshukuru bi Mwanne, aliyetoka Kolo siku tatu njiani ndani ya lori la mbao, na kaka wa marehemu anamuomba ainuke pale nyuma aje akae huku mbele na wafiwa, sasa, kabla hatujaendelea, tunamsubiri.

Ahsante, shemeji Ulimboka, kwa kumleta hadi hapa mbele.

Lililobaki ni hili. Wiki ile ya matanga ya mtoto, ghala lilikuwa wazi na watu walikuwa wengi, na gunia moja la zile karanga zilizotengwa limepungua nusu. Hatumtafuti mtu, hatuulizi jina, hakuna atakayeitwa mwizi, aliyechukua alichukua kwa sababu barabara zimefungwa na nyumbani kwake kuna watoto, tunaelewa. Lakini wewe uliyechukua unajijua hapo ulipo. Usizioshe, usizikaange, usimpe kuku. Inuka sasa hivi, wala usisubiri udongo, tutakusamehe kutomzika, kimbia nyumbani ukazimwage chooni, na kama zimeshapikwa, mtoto asiketi kula. Zilizobaki ghalani zimechomwa jana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi.

Generosa, kaburi lako limechimbwa kushoto kwa lile ambalo udongo wake haujashuka. Tumewaweka karibu kadiri mchanga ulivyoruhusu. Lala, dada yetu, lalani wote wawili.